Bandari iko wapi? Kisa cha kozi fupi ya historia ya kale iliyookolewa njiani

Wadogo zangu kadhaa wananiuliza sana kuhusu zile kozi fupi za kiangazi, unaenda nje wiki chache unasoma unarudi na cheti, je zina maana au ni utalii uliovalishwa joho. Jibu langu huwa ni kwamba inategemea, ila jibu la inategemea halimsaidii mtu anayetaka kukopa nauli, kwa hiyo naandika kisa kimoja chote mwanzo mwisho, kozi niliyoiona kwa ndani, ambayo ilianza vibaya kabisa na ikageuka katikati kwa sababu ya uamuzi mmoja.

Kozi ilikuwa magharibi mwa Uturuki, ile pwani ya Aegean, na mada yake ilikuwa historia ya kale na mandhari. Chuo kilichoiandaa ni cha Ulaya na sitakitaja. Wanafunzi walikuwa kama ishirini hivi mchanganyiko, Wadachi, Wahindi, Mghana mmoja, Mkenya mmoja, na Watanzania wawili, mimi na dada mmoja wa Maswa anayesoma jiografia. Mimi nilikuwa nusu mwanafunzi nusu kibarua: nagawa makaratasi, nahesabu vichwa kwenye basi, na mwisho wa safari niandike ripoti kozi imeendaje. Kazi ya kuhesabu vichwa ina faida yake, maana unaona nani kasinzia, nani kabaki kivulini na nani anauliza swali la maana.

Ratiba ilivyokuja kwenye karatasi ilikuwa inapendeza hatari. Kuanzia kaskazini unashuka kusini: Troy, Pergamon, Efeso, Priene, Mileto, Didyma, afu unaingia bara kwenda Aphrodisias, unamalizia Pamukkale kwenye zile ngazi nyeupe za chokaa ambazo kila mtu anapigia picha. Ukiiangalia unajua kabisa imetengenezwa na mtu wa matangazo, siyo mwalimu. Kila jina hapo ni kubwa, kila jina lingeweza kubeba kozi nzima peke yake, sasa ukiyapanga yote kwenye uzi mmoja unapata basi, magofu, basi, magofu, hoteli, kesho tena.

Troy na Pergamon nazipita haraka kwa sababu hata sisi tulizipita haraka. Troy tulioneshwa handaki la Schliemann, Mjerumani aliyeanza kuchimba pale 1870 akakata kilima kama mtu anayetafuta bomba, tukapanda kwenye farasi wa mbao, tukaondoka. Hakuna aliyegeuka kuangalia lile bonde la mashamba chini yake, ambalo zamani lilikuwa ghuba ya bahari. Pergamon tulifika jua la utosi, tukapiga picha ile thieta, yaani uwanja wa maonyesho wa viti vya mawe, iliyobandikwa kwenye mteremko mkali, basi.

Efeso ndo tatizo lilipojitokeza wazi. Kwa wanaosoma Biblia Efeso haihitaji utambulisho, Matendo sura ya 19, Demetrio mfua fedha na wenzake wanaona Paulo anawaharibia biashara ya vihekalu vya mungu wao wa kike Artemi, mji mzima unajaa kwenye thieta wanapiga kelele kama masaa mawili Artemi wa Waefeso ni mkuu. Thieta yenyewe bado ipo, inakadiriwa ilichukua watu kama 25,000. Kwa hiyo watu walikuwa na hamu, hata wale waliokuwa wamechoka.

Sasa angalia kikundi kinavyoingia Efeso. Basi linawashusha geti la juu, upande wa barabara ya zamani ya kwenda Magnesia, mnateremka na ile barabara ya mawe mkipita mabafu, kumbi, nyumba za matajiri, mnafika chini kwenye maktaba ya Celsus ile yenye uso mzuri ambao Waaustria waliusimamisha upya miaka ya 1970, mnapiga picha, mnapita thieta, mnatokea geti la chini ambapo basi limeshazunguka linawasubiri pembeni ya maduka ya saa feki. Ni rahisi, ni mteremko, wazee hawachoki. Lakini mnauona mji kinyumenyume. Efeso ilikuwa mji wa bandari, na mgeni wake mkubwa alikuwa anatokea baharini, anashuka gatini, anatembea barabara pana iliyonyooka kama nusu kilomita hivi yenye nguzo pande zote, mbele yake thieta imekaa kama kiti cha enzi. Baadaye barabara hiyo iliitwa kwa jina la kaizari Arcadius, na kuna maandishi yanayosema ilikuwa na taa usiku, kitu ambacho miji michache sana ya wakati ule ilikuwa nacho. Sisi tuliipita ubavuni, tukaiona kama kichochoro kinachoishia vichakani, tukaenda kunywa juisi ya komamanga.

Jioni ile profesa, mama mmoja mtaratibu ambaye hapandishi sauti hata kidogo, akagawa karatasi tupu akasema hivi: wewe ni nahodha, mwaka ni 100 BK, umetoka Alexandria na shehena ya ngano, chora unavyoingia Efeso mpaka unakanyaga mlango wa thieta. Dakika ishirini, hakuna simu.

Nilikusanya zile karatasi mimi mwenyewe. Zilikuwa aibu. Kuna aliyechora bahari nyuma ya mlima. Kuna aliyeweka meli pale basi lilipopaki. Wengi walichora maktaba vizuri sana, nguzo kwa nguzo, afu wakaandika bandari na alama ya kuuliza pembeni. Mghana wetu akaandika kwa herufi kubwa HAKUNA BAHARI HAPA, na kwa maoni yangu huyo ndo aliyekuwa karibu na ukweli kuliko wote, kwa sababu kweli hakuna. Kutoka magofu mpaka maji ya bahari leo ni zaidi ya kilomita 5 za mashamba na matete.

Hapo ndo kisa chenyewe. Watu wamelipa, wamepanda ndege, wamesoma, wameshinda siku nzima kwenye mojawapo ya miji inayojulikana kuliko yote ya kale, na hawawezi kusema mji uliishi kwa nini. Unaweza kulaumu wanafunzi, na kweli wapo waliokuwa kwenye simu muda wote, ila karatasi ishirini zikikosea sehemu moja ile ile, tatizo siyo la wanafunzi.

Profesa alikaa na wasaidizi wake mpaka usiku, na asubuhi akatangaza kwamba Aphrodisias na Pamukkale zimefutwa. Siku hizo zote zinahamia kwenye pwani, Efeso tunarudi tena, afu tunakaa bonde la mto Maeander, ambao Waturuki wanauita Büyük Menderes, na swali la kozi nzima kuanzia sasa ni moja tu, bandari iko wapi na imekwenda wapi.

Ugomvi ukawaka. Kijana mmoja akasema amelipia Pamukkale na iko kwenye tangazo, atadai hela yake. Wawili watatu wakamuunga mkono, na sikuwaona wajinga, maana tangazo lilikuwa na ile picha ya maji meupe ukurasa wa kwanza kabisa, na watu wengine walikuwa hawatarajii kurudi Uturuki tena maishani. Masharti ya kozi yalikuwa na kile kimstari cha ratiba inaweza kubadilika. Ikaishia na manung'uniko, na barua iliandikwa chuoni.

Sasa siku ya pili ya Efeso. Basi lilitupeleka ufukweni Pamucak, mahali mto Küçük Menderes unapomwaga maji yake baharini, huo ndo Cayster wa zamani. Tukasimama mchangani tumeipa bahari mgongo, profesa akasema nioneshe Efeso. Unaona tambarare, unaona mlima, mji huuoni. Tukaanza kusogea kuelekea ndani, sehemu kwa miguu sehemu kwa basi, na kila tukisimama anasoma kipande kifupi cha mwandishi wa kale pale pale, siyo darasani.

Strabo, Mgiriki wa jiografia aliyeandika zama za Augusto na Tiberio, anasimulia kwamba mfalme Attalus wa Pergamon aliona mlango wa bandari ya Efeso umekuwa na kina kifupi kwa sababu ya matope ya mto, akawaagiza mafundi waujengee boma waufanye mwembamba, akidhani maji yakibanwa yatapata kina na meli kubwa zitaingia. Ikawa kinyume. Kabla ya hapo mawimbi yalikuwa yanaingia na kutoka yanakokota matope kwenda nje, sasa boma likayafungia ndani, bandari nzima ikawa ya kina kifupi mpaka mlangoni. Ukisoma hii habari umekaa hotelini unasema sawa. Ukiisoma umesimama kwenye matete, bonde la bandari ya zamani liko mbele yako limebaki kinamasi, unaelewa kabisa yule fundi alikosea wapi, unaweza hata kunyoosha kidole.

Afu historia yote iliyobaki ya Efeso inageuka kuwa vita dhidi ya matope. Zama za kaizari Nero, liwali Barea Soranus anaichimbua bandari. Kaizari Hadrian anakuja karne ya 2, anasifiwa kwenye maandishi ya mawe kwa kuuhamisha mto usimwage bandarini. Karne hiyo hiyo liwali mwingine anatoa amri, nayo ilichongwa kwenye jiwe, kwamba wafanyabiashara wa mbao na mawe waache kurundika mizigo gatini na kukatia mawe pale, kwa sababu uzito unaharibu gati na vumbi la mawe linaingia majini. Dada wa Maswa akacheka sana, akasema hii ni notisi ya halmashauri kabisa, inabaki faini tu.

Na kabla ya hao wote kulikuwa na Lysimachus, mmoja wa majenerali wa Aleksanda Mkuu, aliyetaka kuhamisha mji kutoka kwenye udongo mbaya karibu na hekalu la Artemi kwenda pale magofu yalipo sasa. Watu wakagoma. Strabo anasema akasubiri mvua kubwa, akaziba mifereji ya maji machafu, mji ukafurika, wakahama wenyewe kwa furaha. Hekalu lenyewe, mojawapo ya maajabu saba ya dunia ya kale, limebaki nguzo moja iliyounganishwa vipande vipande na kiota cha korongo juu. John Turtle Wood, Mwingereza wa kazi za reli, alilitafuta kwa miaka mingi akalikuta siku ya mwisho ya 1869, likiwa kama mita 6 chini ya tope. Mita sita! Tope lile lile la mto ule ule. Tulishapita hapo kwa basi mara ya kwanza, ikawa dakika kumi za picha ya korongo.

Baada ya hapo tukahamia kusini kwenye bonde la Maeander na hapa ndo kozi ilipokuwa kozi kweli. Ukienda uanzie Priene, wala usikubali kuanzia Mileto. Priene imekaa juu kwenye ubavu wa mlima Mykale, mji mdogo umepangwa mitaa inayokatana sawasawa, hekalu la Athena nguzo tano zimesimamishwa tena, na Aleksanda mwenyewe jina lake liko kwenye maandishi ya kuliweka wakfu, jiwe lake liko London. Ila sisi hatukukaa sana hekaluni. Profesa alitupanga ukutani tukatazama chini. Pamba. Bonde la Söke ni pamba mpaka macho yanachoka, kijani kibichi imechorwa na mifereji ya umwagiliaji, na kule mbali kabisa vilima viwili vitatu vimesimama peke yake katikati ya tambarare kama vimesahauliwa. Akasema hapo palikuwa bahari. Ile rangi ya kijani yote ni maji, rudisheni. Strabo anasema Priene ilikuwa ufukweni na wakati wake tayari ilikuwa ndani stadia 40, yaani kilomita 7 na ushee.

Dada wa Maswa, mtu aliyekulia kwenye pamba, ndo aliyeuliza swali lililobadilisha mazungumzo. Akauliza udongo huu umetoka wapi, maana pamba haioti kwenye miujiza, na kama kuna udongo mwingi hivi chini basi kuna milima mahali imechunwa. Profesa alifurahi nusu arushe kofia. Jibu lake kwa kifupi: bonde la Maeander ni ufa, ardhi imezama kati ya milima miwili, mambo ya bonde la ufa kama tunayoyajua sisi, bahari ilipopanda baada ya zama za barafu ikaingia ndani ya ufa mbali sana, halafu ilipotulia miaka kama 6,000 iliyopita mto ukaanza kuujaza. Watu walipokata misitu na kulima na kuchunga mbuzi kwenye miteremko kule juu, udongo ukashuka kwa kasi zaidi. Haya yalijulikana vizuri kwa kutoboa ardhi kwa mabomba marefu na kutoa vipande vya tope tabaka kwa tabaka, Helmut Brückner, mwanajiografia wa Ujerumani, amefanya kazi hiyo Mileto na Efeso kote. Ila hata bila mabomba, Herodoto, mwanahistoria Mgiriki wa karne ya 5 KK, alishaona, anataja uwanda wa Maeander na Efeso na Ilion, yaani Troy, kama mahali mito ilipojaza bahari, akilinganisha na Misri na Nile. Na Troy tulishaipita, kumbukeni.

Mileto sasa. Huu ulikuwa mji kwenye rasi, Strabo anasema ulikuwa na bandari nne, mojawapo ya kutosha jeshi la majini. Mji wa wale wanafalsafa Thales na Anaximander. Leo umezungukwa na mashamba pande zote na bahari iko kilomita kama 8 hadi 10. Thieta imekaa imara kama ngome, juu yake kweli kuna ngome ya Wabizanti, yaani Warumi wa Mashariki. Profesa akasema pandeni mpaka juu, kila mmoja na ramani tupu ya vilima tu, chora maji yalikuwa wapi. Safari hii karatasi zilikuwa tofauti mbingu na ardhi. Watu walibishana kwa sauti, wananyoosha vidole, mmoja anasema haiwezekani maji yapite pale kile kilima kingekuwa kisiwa, mwenzake anamjibu ndiyo, ni kisiwa.

Na kweli ni kisiwa. Ni Lade, ambako mwaka 494 KK Waioni, yaani Wagiriki wa pwani hii, walipigana na meli za Uajemi wakashindwa, na Mileto ikaangushwa. Herodoto anahesabu meli 353 upande wa Waioni, 80 zikiwa za Mileto. Mchana tukaenda kupanda kisiwa kwa miguu kutoka barabarani, tunavuka mfereji, vumbi kwenye viatu. Joto lilikuwa la kuua. Juu pale profesa akasoma kipande ambacho nadhani alikuwa amekitunza kwa ajili yetu: kabla ya vita kamanda mmoja, Dionisio wa Phocaea, aliwafanyisha Waioni mazoezi makali kila siku juani, wakavumilia siku saba, ya nane wakagoma, wakashuka kisiwani wakapiga mahema wakakaa kivulini, hawataki tena kusikia. Kikundi kizima kikapasuka kicheko, na yule kijana wa Pamukkale naye alikuwa amejilaza chini ya mti mmoja pekee uliokuwepo.

Ile bandari ya Simba nitaieleza kidogo kwa sababu ndo kitu nilichokiona kwa karibu kabisa. Mlango wake ulilindwa na simba wawili wakubwa wa marumaru, mmoja kila upande, na wapo mpaka leo mahali pao pale pale. Huyo niliyemfikia amelala kwenye majani makavu, uso umeliwa na miaka, mgongo una ukungu wa rangi ya chungwa, na tope limempanda mpaka tumboni, kwa hiyo unaangalia simba ambaye nusu yake iko mchangani na nusu nyingine iko hewani, ukiweka mkono mgongoni panaunguza. Mbele yake, mahali meli zilikuwa zinapita, kuna matete. Nikakumbuka Matendo 20, Paulo akiwa safarini anatua hapa Mileto, anawaita wazee wa kanisa la Efeso, wanalia, wanamsindikiza mpaka melini. Nimeisikia hiyo habari tangu Sunday school na sikuwahi kujiuliza meli ilikuwa imekaa wapi.

Tulimalizia bonde kwenye ziwa Bafa. Hili ni kipande cha ghuba kilichobaki baada ya delta kupita mbele yake na kuifungia bahari nje. Uko bara kabisa, ng'ombe wanapita, kijiji kimejengwa juu ya magofu ya Heraclea ambayo nayo ilikuwa na bandari, na ukichota maji ukaonja yana chumvi kidogo. Kila mtu alionja, hata ambao hatukuwaambia waonje. Hapo hapo akatusomea Pausanias, Mgiriki mwandishi wa safari wa karne ya 2 BK, kuhusu Myus, mji mwingine wa bonde hili: ghuba yake iliposhikwa na mto ikawa ziwa, mbu wakazaliana mpaka watu wakabeba vitu vyao na sanamu za miungu wakahamia Mileto. Sisi wa Afrika tukatazamana, mbu kuhamisha mji hatukuhitaji kuelezwa mara mbili.

Dereva wetu, mzee wa Söke ambaye familia yake inalima hapo, alichangia kupitia mkalimani kwamba mto bado unafurika majira ya baridi na bado majirani wanagombania mipaka. Profesa akacheka akatafuta ukurasa: Strabo anasema watu wa Maeander walikuwa wanaushtaki mto wenyewe mahakamani kwa kuhamisha mipaka ya mashamba, na mto ukishindwa kesi faini inalipwa kutoka ushuru wa vivuko. Mzee akasema sheria nzuri hiyo, irudishwe.

Sasa kwa nini nusu ya pili ilifanya kazi. Watu wengi wangesema kwa sababu tulipunguza sehemu tukapumzika, na kweli usingizi ulisaidia. Mimi nadhani kilichofanya kazi ni swali. Sehemu tatu bila swali zingetuchosha vile vile kama nane. Ukiwa na swali moja linalobeba, kila kilima kinakuwa ushahidi au kizuizi, na hata pamba inakuwa sehemu ya somo, na mtu wa jiografia anaongea na mtu wa historia kwa sababu wote wanatafuta kitu kimoja. La pili ni kusoma pale pale. Maandishi ya kale ni makavu sana ukiyapewa kama kifurushi cha kusoma nyumbani, tulipewa hicho kifurushi kabla ya safari na nina uhakika waliokifungua hawafiki watano. Mistari minne ikisomwa mahali pake inatosha. La tatu, mwelekeo: kuingia mji kwa mlango wake siyo kwa mlango wa basi. Hili halina gharama yoyote, ni kumwambia dereva ashushie upande mwingine na kukubali kupanda mlima.

Lakini kozi haikuwa safi na kwenye ripoti niliandika. Tulikaa bonde lile kama vile historia ilikatika Warumi walipoondoka. Pale pale Mileto kuna msikiti wa İlyas Bey wa 1404, kazi nzuri ya marumaru iliyochukuliwa kwenye magofu, bandari ya Balat, ndo jina la baadaye la Mileto, ilikuwa bado inafanya biashara na Waveneti, sisi tukapewa robo saa. Kijiji cha Balat kilihamishwa baada ya tetemeko la 1955, halikutajwa. Wagiriki wa vijiji vya milima ile waliondoka kwenye mabadilishano ya watu kati ya Ugiriki na Uturuki ya 1923, na nyumba zao tulizipita na basi. Kama mada ni mandhari, mandhari haina habari na mgawanyo wa idara za chuo. Na yule dereva alitakiwa apewe saa nzima mbele ya darasa, siyo dakika tatu za utani.

Pia niseme kwa upande wa wale walalamikaji: uamuzi ulikuwa sahihi kielimu ila haukuwa sahihi kibiashara, na anayetangaza Pamukkale aoneshe Pamukkale. Dawa ni kutangaza kozi ilivyo. Mtu akitaka zile ngazi nyeupe atafute ziara, zipo nyingi na ni nafuu.

Kwa hiyo ukiletewa tangazo la kozi kama hii, angalia hesabu ya siku kwa kila mahali kabla hujaangalia majina ya mahali, muulize mratibu swali la kozi ni nini, akikujibu kwa orodha ya vivutio umeshajua. Na kama nauli ya nje haipatikani, huku kwetu swali la namna hii lipo limekaa. Periplus, ule mwongozo wa mabaharia wa karne ya 1 BK, unataja soko la Rhapta mahali fulani kwenye pwani yetu, na delta ya Rufiji ni mojawapo ya sehemu zinazofikiriwa, delta inayosogea kama hiyo ya Maeander. Siku kumi kati ya Rufiji na Kilwa Kisiwani na wavuvi wanaojua mikondo, swali likiwa lile lile, ningelipia.

Kikao cha mwisho kilifanyika uwanja wa hoteli pale Selçuk, mji jirani na Efeso, na profesa alileta mpango ambao Uturuki ilishautangaza, kuchimba mfereji kutoka baharini mpaka karibu na Efeso ili watalii waingie kwa boti kama wasafiri wa zamani. Akatugawa pande mbili tubishane. Upande wa mfereji walisema hatimaye watu wataingia mji kwa mlango wake, na hilo ndo tulilolilia siku zote. Yule kijana wa Pamukkale alikuwa upande wa pili, akasimama na karatasi ya Strabo mkononi, akauliza mto umehamia wapi sasa, matope yatachotwa na nani, kila baada ya miaka mingapi, na bajeti iko wizara gani. Hakujibiwa, ikabidi waombe dakika tano wakajipange upya.